Gari Lililogongwa Nyuma Lipimwe Kabla ya Kununuliwa Spea

Gari likigongwa nyuma hupelekwa kwa fundi bodi, na kazi ya fundi bodi huhukumiwa kwa macho. Bampa limekaa, buti linafunga, rangi imeshikana na ya zamani, basi mwenye gari analipa na kuondoka. Hayo yote yanaweza kuwa sawasawa na gari likabaki bovu, maana magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari zima linaelekea wapi. Ya mbele unayaongoza kwa usukani. Ya nyuma, ukishaingia barabarani, huna la kuyafanya.

Nimeyaona haya kwenye Toyota IST ya dada yangu. Anakaa Makorora, Tanga mjini, na anafundisha Muheza, kwa hiyo siku zote za shule yupo kwenye ile barabara ya kwenda Segera pamoja na malori ya saruji na mabasi ya Dar. Lori lilimgonga nyuma upande wa kushoto akiwa amesimama. Gari lilirudi kutoka karakana likiwa linang'aa, lakini haukupita muda akaniambia, "Kaka, mbona nikinyoosha gari usukani unalala kulia? Na mvua ikinyesha nasikia mkia unataka kunitangulia." Waliolitengeneza wakasema shokapu za nyuma zimekufa, zinunuliwe mpya zote mbili. Nilikataa mpaka gari lipimwe.

Nakushauri nawe ukatae. Shokapu hutuliza mtikisiko wa springi. Kwenye gari kama hili haielekezi gurudumu kulia wala kushoto. Usukani uliolala wakati gari linakwenda moja kwa moja ni tatizo la mwelekeo, na mwelekeo hupimwa.

Anza na tairi, maana tairi halifichi. Pitisha kiganja juu ya kashata zake kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukihisi laini upande mmoja na makali ukirudi, tairi hilo linaburuzwa: linaangalia ndani au nje kupita kiasi. Likiwa limelika ukingo mmoja tu na kwingine halijaguswa, huenda limelala, yaani juu limeingia ndani au limetoka nje. Tairi la nyuma linaloburuzwa huweza kulika kwa mabonde mabonde na kutoa mvumo unaofanana sana na wa beringi, na watu wengi hubadilisha beringi nzima bure. Beringi ina dalili yake: ukikata kona ya kushoto uzito unahamia kulia, na mvumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Usidharau kosa dogo. Tairi lililopinda digrii 1 tu kutoka kwenye mwendo wa gari huburuzwa kiupande mita 17 hivi kwa kila kilomita. Kutoka Tanga mpaka Muheza, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita ya kusuguliwa kwenye lami, kwenda peke yake. Na tairi ambalo tayari linaburuzwa lina mshiko mdogo uliobaki wa kukutetea lami ikilowa. Ndiyo maana mkia unatoka kwenye kona za masika, na ndiyo maana sioni hili kuwa suala la kuokoa matairi tu.

Kipimo cha pili hakihitaji chochote ila ndoo ya maji na sakafu kavu ya saruji. Lowanisha sehemu, pitisha gari hapo likiwa limenyooka, kisha tazama alama za matairi. Ya nyuma yanaweza kukaa ndani kidogo au nje kidogo ya yale ya mbele, hilo ni umbo la gari, ila kushoto na kulia lazima yalingane. La dada yangu lilikuwa linatembea kama kaa: alama za nyuma zote mbili zimesogea upande mmoja.

Kisha chukua tepu. Nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto na kulia. IST ya kwanza, ile iliyotoka 2002, ina milimita 2,370 kwa pande zote. Tofauti ya milimita mbili tatu inaweza kuwa mkono wako kwenye tepu. Sisi tulipata kushoto pungufu kwa milimita 12. Yapo magari machache yaliyoundwa hivyo makusudi, Renault 4 ya zamani ni mojawapo, lakini Toyota za kwetu hizi zinatakiwa zilingane.

Pima na kimo, lakini hapa pana mtego. Watu hupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Ukingo huo ndio ule ule uliogongwa, ukanyooshwa kwa nyundo na kujazwa pati! Tafuta sehemu ya chini ya gari ambayo ajali haikuigusa, upime kutoka hapo hadi sakafuni.

Ukitaka kujua kila tairi linaangalia wapi, tumia uzi. Simamisha stendi nne, vuta uzi kila ubavu kwa kimo cha katikati ya magurudumu, nyuzi zote mbili ziwe sambamba na katikati ya gari. Pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma, halafu hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo. Kwa rimu ya inchi 15, tofauti ya milimita 6 au 7 ni kama digrii 1. Hakikisha kwanza rimu yenyewe haikupinda: inua gari, izungushe, uitazame. Ikiyumba, hamishia upande wa pili. Ikiyumba na huko, ni rimu. Ikiacha kuyumba, tazama hab, yaani kitovu rimu inapofungwa.

Sasa, mashine ya alaimenti, ile inayopima mwelekeo wa magurudumu. Nenda, na udai karatasi yenye namba za nyuma pia, si za mbele peke yake. Magari mengi madogo, IST ya kuvutwa mbele ikiwemo, yana ekseli moja ya nyuma iliyounga magurudumu yote mawili, na haina bolti ya kurekebisha mwelekeo. Fundi atakwambia kwamba nyuma hakurekebishiki. Ni kweli, lakini asiishie hapo: kama hakurekebishiki na namba zimetoka nje ya kipimo, basi kuna chuma kilichopinda au kilichohama. Kurekebisha ya mbele yafuate kosa la nyuma, ili usukani tu ukae katikati, ni kukuficha ugonjwa. Kwenye magari ambayo kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono kadhaa ya chuma, kama Toyota Mark X, bolti za kurekebisha zipo, na hapo hatari ni nyingine: fundi anazizungusha mpaka mwisho kufidia chesisi iliyosogea. Bolti ikikutwa imefika mwisho wake, uliza kwa nini.

Kwetu swali lilibaki moja. Ekseli imepinda, au inapofungwa ndipo palipohama? Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa sababu ekseli ya mtumba ni rahisi kuipata, na ukiifunga mahali palipohama unapata kosa lile lile. Tuliazima timazi ya fundi mwashi, ile kamba yenye kizito. Unaishusha kutoka kwenye matundu ya chini ya bodi, mawili ya mbele yasiyoguswa na ajali na mawili yanakofungwa ekseli, unatia alama ya chaki sakafuni, unasogeza gari, kisha unapima mishazari: mbele kulia hadi nyuma kushoto, mbele kushoto hadi nyuma kulia. Mishazari haikulingana. Ekseli ilikuwa nzima. Kishikio chake cha kushoto kilisukumwa mbele pamoja na chesisi, na karakana ile ilikinyoosha kwa moto na nyundo mpaka buti likafunga, wakaacha hapo.

Hata bila timazi, alama za kazi ya aina hiyo zinaonekana ukiingia chini na tochi. Toa tairi la akiba, tazama makunyanzi kwenye sakafu ya buti. Tafuta rangi nyeusi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, uchomeleaji wa mstari mahali ambapo upande wa pili una vidoti vya kiwandani, na chuma kilichobadilika rangi kwa moto. Chesisi iliyochomwa hadi ikawa nyekundu hupoteza nguvu, na kwenye ajali ya pili haitajikunja kama ilivyokusudiwa. Fuata pia bomba za breki na za mafuta zinapopita, uone kama hazikubanwa wala kuungua.

Gari tulilipeleka kwenye karakana yenye kitanda cha kuvutia chesisi, likavutwa huku linapimwa. Kama bima ndiyo inayolipa, usisaini karatasi ya kuridhika na kazi kabla karatasi ya alaimenti haijakufikia mkononi. Na simama hapo bushi za ekseli zinapofungwa. Bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo mpira unabaki umejisokota, gari linakaa juu upande mmoja na bushi inachanika mapema.

Kilichobaki ni kutu. Hewa yetu ya chumvi hula uchomeleaji ulioachwa wazi, na huanzia ndani ya chesisi usikokuona. Dai wapulize nta ya kuzuia kutu ndani ya mapango ya chesisi kupitia matundu yake, wazibe maungio, ndipo wapake rangi ya chini. La dada nililirudisha karakana baada ya majuma machache, bolti zikakaguliwa kama zimelegea na upimaji wa alaimenti ukarudiwa, na karatasi hizo mbili anazitunza garini.