Mbunifu mbele ya mteja: maswali yenu

Nafundisha usanifu wa grafiki chuoni. Wanafunzi wanachora vizuri, ila mbele ya mteja wanakwama. Nianzie wapi?

Anza na kuuliza maswali, mwalimu. Wapange wawili wawili. Anayeigiza mteja mpe karatasi ya siri yenye mambo manne: bajeti, tarehe ya mwisho, mwenye kauli ya mwisho, na kilichomuudhi kwa mbunifu aliyepita. Mwenzake apewe dakika 15 kuyachimba bila kugusa kompyuta, kisha aandike alichoelewa kwenye ukurasa mmoja na kumsomea mteja. Wengi watakimbilia kuuliza rangi. Swali linalosahaulika, na ndilo linaloumiza, ni "Nani ataidhinisha?" Meneja anaikubali nembo, wiki ya pili mwenye kampuni anaiona kwa mara ya kwanza, kazi inaanza upya. Rudieni zoezi kila wiki, mkibadilishana nafasi. Tunaamini anayekaa upande wa mteja ndiye anayejifunza zaidi, maana anasikia mwenyewe jinsi maneno ya kitaalamu yanavyomwacha mtu njiani.

Bei ya nembo nakadiria tu. Nifanyeje?

Jumlisha matumizi ya mwezi, ya nyumbani na ya kazi: umeme, bando, programu, kodi, akiba ya kompyuta mpya. Tuseme yamefika shilingi 900,000. Usigawanye kwa saa 160 za mwezi, kwani karibu nusu yake huishia kwenye simu, kusaka wateja na kudai malipo. Gawanya kwa 80, upate 11,250 kwa saa. Nembo ya saa 20 itakuwa 225,000, na hapo faida bado. Ongeza walau asilimia 20, yaani 270,000. Mteja akiomba apunguziwe, punguza na kazi: mapendekezo mawili badala ya matatu. Ukishusha bei peke yake, ataamini ile ya kwanza ulibahatisha.

Mteja ananitumia sauti WhatsApp usiku, marekebisho hayaishi.

Ziandike, umrudishie: "Nimeelewa hivi: moja, mbili, tatu. Nithibitishie nianze." Makubaliano yaseme tangu mwanzo: awamu mbili za marekebisho, maoni yote katika orodha moja, kutoka kwa mtu mmoja, ndani ya siku tatu. Awamu ya tatu inalipiwa, na bei yake itajwe siku hiyohiyo ya kwanza.

Niko Nairobi. Mteja hajamaliza kulipa. Nembo bado ni yangu?

Huenda si yako tena, ndugu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kuwa hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa kazi zijazo andika: "Hakimiliki itahamia kwa mteja malipo yote yakikamilika," nyote mtie sahihi. Chukua nusu kabla ya kuanza. Za kuidhinisha tuma picha ndogo zenye alama yako juu yake. Faili halisi zitoke baada ya nusu ya pili kuingia.