Usikimbie kwanza, mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29. Nilihamishiwa Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam, nimepanga chumba Nkuhungu, ofisi ipo Mtumba. Huu mwezi wa nne sina raha na chochote. Nashtuka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Mchana nashindia chai na andazi, jioni nanunua chipsi au nalala hivyohivyo. Kwaya nimeacha. Hospitali wamesema ni sonona, wakanipa fluoxetine, nipo wiki ya tatu. Rafiki yangu ananiambia nitupe vidonge, nile vizuri na nikimbie. Nilikimbia alfajiri siku mbili, ya tatu nikashindwa kuamka, nikajiona mzembe. Kuna usiku natamani nisiamke kabisa. Je, chakula na mazoezi vinatibu kweli?*
*Mchovu, Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu. Hilo la kutamani usiamke umelipitisha haraka, lakini kwangu ndilo la kwanza. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, kisha umwambie na daktari aliyekupa dawa bila kungoja tarehe ya kliniki. Mawazo yakifika kwenye namna ya kufanya, usibaki peke yako chumbani. Vidonge akutunzie mtu mwingine, nawe uende hospitali usiku huohuo. Hapa Dodoma ipo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Watu wamelifanya jina lake tusi, wewe wapuuze.

Na vidonge usivitupe. Wiki ya tatu bado ni mapema, maana nafuu ya fluoxetine huchukua wiki kadhaa, mara nyingi mpaka ya nne au ya sita. Kwa kawaida humezwa asubuhi, kwa kuwa wengine wakiimeza jioni inawanyima usingizi. Kama inakutia kichefuchefu, imeze baada ya kula.

Rafiki yako hakukosea yote. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Australia uliohusisha watu 67 wenye sonona na mlo duni. Kwa wiki 12 kundi moja lilielekezwa kula vizuri: mboga, matunda, kunde, karanga, samaki. Kundi la pili lilipewa mtu wa kuzungumza naye. Waliopata nafuu kamili walikuwa kama 32 kwa kila 100 upande wa chakula, na 8 upande wa mazungumzo. Ila wengi wao walikuwa pia wanaendelea na dawa au ushauri nasaha, na hilo ndilo rafiki yako amelisahau.

Sasa kukimbia. Sonona inakula hamu kabla haijala kitu kingine. Mtu asiyelala tangu saa tisa, tumbo tupu, akatoka kukimbia kwenye giza na baridi ya Dodoma, siku ya tatu hatoki. Huo si uzembe, ni kipimo kikubwa mno kwa mwili ulio nao sasa. Chukua matembezi kama dozi: yana saa yake na kiasi chake, hamu iwepo isiwepo.

Saa yako iwe kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa limepoa na mwanga bado upo. Wiki ya kwanza tembea dakika 10, siku tano. Ukitoka kazini shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako, usiingie ndani kwanza, kwa sababu ukikaa kitandani hutatoka. Wiki ya pili dakika 15, ya tatu 20, kisha ongeza tano kila wiki mpaka ufike 30. Nusu saa kwa siku tano ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Wewe mwanakwaya una kipimo chako cha mwendo: ukiweza kuimba pambio zima bila kukata pumzi, kaza hatua, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ukikosa siku, usilipe deni kesho yake kwa kutembea mara mbili. Endelea na dozi ya siku hiyo tu.

Kuanzia wiki ya tatu, mara mbili kwa wiki, fanya na mazoezi ya nguvu humohumo chumbani. Kaa na kuinuka kwenye kiti mara 8, sukuma ukuta kwa mikono mara 8, kisha beba madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, uzunguke chumba dakika moja. Pumzika, rudia mara moja, basi.

Kwenye chakula, tatizo lako kubwa naliona asubuhi. Koroga vijiko vitatu vya unga wa uwele au mtama kwenye maji baridi kidogo, usije ukapata madonge, kisha mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka. Pika moto mdogo dakika kumi huku unakoroga. Ukiepua, tia kijiko kimoja cha karanga za kusaga na ukamulie limau. Chai ingoje saa nzima, kwa kuwa ikinywewa na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, wakati limau linayasaidia. Baada ya saa nane mchana usinywe chai, kahawa wala vinywaji vya kuongeza nguvu. Saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado iko kwenye damu, nawe usingizi wako tayari ni mwepesi.

Jioni usijipe kazi ya kupika mapya. Loweka robo kilo ya maharage usiku, chemsha kesho yake, yatakutosha milo mitatu. Kama huna friji, yachemshe tena asubuhi na jioni, na yasivuke siku ya pili. Siku nyingine pika mlenda wa karanga na dagaa, magadi kidogo sana kwani yakizidi huua vitamini. Wagogo hapa wamekupa mboga inayofaa mgonjwa: hata koo likiwa limekataa, mlenda unateremka. Pombe acha kabisa kwa sasa, inashusha moyo na kuvunja usingizi. Na wakikuambia ufunge siku tatu kwa maombi, waombe wakuombee wewe ukiwa umekula.

Ukirudi kliniki, omba kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi iliyolegea vinaleta uchovu unaofanana sana na huu, na hapo uji peke yake hautoshi.

Tundika kalenda ukutani, kila siku uandike dakika ulizotembea na saa uliyoamka usiku. Mpelekee daktari, itamsaidia kuliko ukimwambia "naendelea hivyohivyo". Jumamosi nenda mazoezi ya kwaya kwa miguu, usiimbe. Kaa benchi la nyuma dakika ishirini, kisha urudi. Hizo nazo ziandike.