Weusi nyuma ya majina: kuhamisha grafiki kutoka After Effects kwenda Premiere Pro na Resolve

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba ukanda wa jina la kwaya ulioutengeneza katika After Effects, programu ya Adobe ya grafiki zinazotembea, unaonekana vizuri humo ndani, lakini ukiingizwa Premiere Pro, programu ya Adobe ya kuhariri video, unakuja na weusi unaowafunika waimbaji, na kwamba mwenzako wa Iringa anayemalizia kazi katika DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, anakutana na tatizo hilohilo. Ninahariri video za kwaya na harusi hapa Mbeya, na kazi zangu nyingi hupita kwenye kompyuta zaidi ya moja kabla ya kumfikia mteja, kwa hiyo nitajibu kwa namna ninavyofanya mwenyewe.

Umesema ulirenda, yaani ulitoa kazi yako kuwa faili la video, MP4 ya H.264. Kodeki hiyo (njia ya kubana video), kama programu hizi zinavyoitoa, haibebi chaneli ya alfa, yaani taarifa inayoonyesha sehemu gani ya picha iachwe wazi, na sehemu hizo ndizo zilizogeuka weusi. Tumia ProRes 4444, kodeki inayobeba alfa, ambayo programu za Adobe zinaitoa hata kwenye Windows tangu mwishoni mwa 2018, au mfuatano wa picha za PNG. ProRes 422 haitakusaidia, kwa kuwa haina alfa. Vilevile, katika mipangilio ya kurenda, sehemu ya chaneli isomeke "RGB + Alpha", kwani ikibaki "RGB" pekee uwazi utapotea hata kama kodeki ni sahihi.

Mimi huchagua PNG, na sababu yangu kubwa ni umeme. Faili la ProRes lililokatishwa katikati ya kurenda kwa kawaida halifunguki, ilhali katika mfuatano wa PNG kila fremu ni faili linalojitegemea, hivyo umeme ukirudi unafuta picha ya mwisho iliyoandikwa nusu na kuendelea kuanzia namba hiyo. Wanaofanya kazi hizi huku nyanda za juu wakati wa mvua na radi wataelewa kwa nini ninaliweka jambo hili mbele ya ubora, ambao kwa macho ya mteja haupishani. Hasara yake ni kwamba utakuwa na folda yenye mamia ya picha, ambayo hunakiliwa taratibu kwenye fleshi, na picha moja ikipotea au ikibadilishwa jina mfuatano unakatika. ProRes nayo ina uzito wake: kwa picha ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 25 kwa sekunde, 4444 hulenga takribani megabiti 275 kwa sekunde kabla ya kuhesabu alfa, na kwa kiwango hicho dakika mbili na kidogo zinatosha kuvuka gigabaiti 4, ambazo ndizo kikomo cha faili moja kwenye fleshi ya FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili. Iformati fleshi kwa exFAT kwanza.

PNG haina kasi ya fremu ndani yake, na hapa ndipo wengi wanapotatizika bila kujua. Programu inayopokea hukisia kasi kutokana na mipangilio yake. After Effects, isipobadilishwa, huchukua fremu 30 kwa sekunde. Picha 250 ulizozitengeneza kwa sekunde 10 kwenye kasi ya 25 zitamalizika kwa sekunde 8 na kidogo, na jina litaondoka kabla mwimbaji hajamaliza ubeti. Rekebisha kasi kwenye sifa za klipu kabla ya kuiweka kwenye taimulaini. Hapo hapo angalia namna alfa inavyotafsiriwa: ukiona ukingo wa kiza kuzunguka herufi au kivuli laini, rangi zilichanganywa na weusi wakati wa kurenda, na programu inayopokea inazisoma kana kwamba hazikuchanganywa. Chagua "Premultiplied" upande wa kupokea, au urende upya kwa "Straight". Jaribu juu ya picha yenye mandhari nyeupe, kwa sababu juu ya giza kasoro hiyo haionekani, na fleshi ikishapanda basi la Iringa hakuna wa kuirekebisha njiani.

Dynamic Link ya Adobe, inayoonyesha kazi ya After Effects ndani ya Premiere bila kurenda, husifiwa kuliko inavyostahili. Inafaa pale programu zote mbili zinapokuwa kwenye mashine moja yenye RAM ya kutosha na muundo bado unabadilika kila saa. Kwenye laptopu ya kawaida taimulaini hukwama, na mwenzako wa Resolve hafaidiki nayo hata kidogo.

Kwa kuwa majina ya waimbaji ni mengi, upande wako wa Premiere tengeneza kiolezo cha mogrt (faili la grafiki lenye maandishi yanayoharirika), ili jina libadilishwe humo humo bila kurenda upya. Anayekipokea awe na fonti ileile na toleo la programu lisilo la zamani kuliko lako. Resolve haisomi mogrt wala faili la mradi la After Effects. Mpelekee mwenzako ukanda mtupu usio na herufi, kama PNG, pamoja na faili la fonti ikiwa leseni yake inaruhusu, kisha aandike majina mwenyewe kwa Fusion, sehemu ya kutengeneza grafiki ambayo imo ndani ya Resolve tangu toleo la 15 la mwaka 2018. Jina likikosewa herufi, atalisahihisha hukohuko Iringa.