Swali la msomaji: samaki wetu wahesabiwe na nani?

SWALI
Salaam aleikum. Huku Faza, Lamu, walikuja watafiti wakapiga mbizi wakahesabu samaki kwenye miamba yetu, wakaenda zao na mpaka leo hatujaona hata karatasi. Nasikia Australia wenyeji wa asili wanahesabu pamoja na wataalamu, ni kweli? Na samaki anahesabiwaje bila mmoja kuhesabiwa mara mbili?
Mvuvi, Faza

JIBU
Waaleikum salaam ndugu yangu. Ni kweli kabisa, na mfano ninaoupenda ni wa Wabardi na Wajawi wa pwani ya Kimberley, kaskazini magharibi ya Australia. Mwaka 2005 mahakama ilitambua haki zao za asili, 2006 wakaanzisha kikosi chao cha marenja, na hao marenja ndio wanaotoka baharini na wanasayansi wa AIMS, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari.

Sasa kuhesabu. Wanashusha fremu ya chuma yenye kamera mbili na mbele yake fimbo yenye mfuko wa chambo, samaki wadogo waliopondwa, inakaa chini kama saa moja hivi na samaki wanakuja wenyewe wakifuata harufu. Halafu mtu anakaa na video, kwa kila aina anatafuta ile picha moja tu walipoonekana wengi kwa pamoja, tuseme tafi saba (nao wana tafi wao wa mistari ya dhahabu, wanamwita barrbal), basi anaandika saba, hata wakipita tena watano baadaye hawaongezi, manake huenda ni walewale. Samaki waliopo kweli ni wengi kuliko hiyo namba, ila ukirudia vilevile miaka na miaka unajua wanazidi au wanapungua. Kamera ni mbili kwa sababu kwa mbili unaweza kupima urefu wa samaki, ukajua kama wale wazazi wakubwa bado wapo.

Lakini fremu uishushe wapi, saa ngapi? Kule maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 10, kwetu ni kama 4, na kwenye milango ya visiwa mkondo ni hatari kweli, kwa hiyo anayejua maji yanatulia wapi na lini ni mwenyeji, na ndiye anayejua pia sehemu za mila ambazo wazee hawataki zifikiwe. Ujuzi huo nauhesabu ni sayansi sawa na ile ya kamera. Na haukuishia kwenye utafiti, 2022 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya Bardi Jawi Gaarra na wao wenyewe wako kwenye uongozi wake.

Kwa hiyo wakija tena, BMU yenu, yaani kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, iweke masharti mapema: vijana wenu wawe ndani ya boti na wafundishwe kuisoma video, nakala zote zibaki Faza, matokeo yaletwe barazani kwa Kiswahili kabla hayajapelekwa kokote. Wakikataa hilo la nakala, msiwaruhusu kushusha kitu.