Kutu ikishakula paipu ya breki: niliyojifunza chini ya Corolla yangu

Gari langu ni Corolla ya mwaka 1998. Lilitoka Japani, ambako kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na sasa linalala Tanga, hatua chache kutoka baharini. Chumvi imelila huko na huku. Jioni moja nakaribia geti la nyumbani, pedali ikazama karibu na zulia. Gari lilisimama, ila kwa kusuasua. Masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, ina njia mbili. Moja ikipasuka, unabaki na nusu ya breki.

Kuchungulia chini, mafuta ya breki yalikuwa yanachuruzika karibu na tangi la petroli, pale paipu inapobanwa na kibanio cha plastiki. Mbele na nyuma ya kibanio paipu ilikuwa nzuri kabisa. Ndani ya kibanio ndimo tope na chumvi vilimokuwa vimejificha na unyevu wake. Wewe unayeanza, kagua hapo kwanza. Kutu nyepesi inayotoka kwa brashi ya waya haina neno. Paipu ikishavimba magamba au kuota vishimo, hiyo imekwisha.

Utakayemuuliza atakwambia ukate kipande kibovu, uunge paipu ya shaba ya friji. Mimi nilikaribia kufanya hivyo, maana jirani yangu ni fundi friji na kifaa cha kutengenezea mdomo wa paipu anacho. Kumbe kifaa chake hukunja mdomo mara moja tu, wakati breki za magari ya Kijapani zinataka mdomo uliokunjwa mara mbili. Tena shaba tupu huchoka kwa mtikisiko, mwisho hupata ufa. Kumbuka tairi lako lina PSI 30 na ushee (PSI ni kipimo cha shinikizo). Breki ikikanyagwa kwa nguvu, ndani ya paipu hupita PSI 1,000. Nunua paipu ya breki hasa, ya chuma iliyopakwa kinga au ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwa gari kama langu unene wa paipu kwa nje ni milimita 4.75. Beba paipu ya zamani nzima, na nati zake, ukalinganishe dukani. Magari mengi ya Ulaya mdomo wake una umbo jingine, na haubadilishani na huu.

Kazi yenyewe, nikwambie kweli, si paipu. Ni nati. Paipu nilibadilisha kwa saa moja. Nati mbili zilinila siku mbili. Spana ya mdomo wazi namba 10 huzila pembe mara moja, kwa hiyo tafuta spana ya breki, ile kama pete iliyokatwa upande ipite kwenye paipu. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu usiku, urudi asubuhi. Nati ikizunguka na paipu yake, usihangaike: paipu si unaitupa? Ikate karibu na nati, kisha ingiza soketi ya pembe sita. Kabla ya kufungua chochote, kandamiza pedali kidogo kwa kijiti kilichoegemezwa kwenye kiti. Tundu la mafuta ndani ya masta silinda hujiziba, na chupa ya mafuta iliyo juu yake haijimwagi yote sakafuni. Na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake.

Ukikunja paipu mpya, izungushe kwenye kitu cha duara, isije ikavunjika kona. Nati ivishe kabla ya kukunja mdomo. Unacheka? Subiri yakukute. Mimi mdomo wa kwanza nilioupata safi ilibidi niukate.

Kutoa upepo ulioingia kwenye paipu kunataka watu wawili. Mke wangu alikaa kwenye usukani, mimi chini na kimpira cheupe, kijibomba kilichozama kwenye chupa yenye mafuta ya breki. "Kanyaga! Shikilia! ... Achia!" Asiachie kabla hujafunga nipeli, kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye gurudumu, la sivyo upepo unarudi. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Masta silinda ya zamani ina kutu sehemu ambayo mipira yake haifiki siku zote. Ukiikanyaga hadi mwisho, mipira inachanika na unapata kazi ya pili. Chupa ya juu isikauke, na mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji upesi.

Mwisho washa injini, kanyaga kwa nguvu zote, shikilia dakika nzima, huku mwenzako akifuta kila kiungo kwa tishu kavu. Mimi nilikuta doa kwenye nati ya nyuma. Sikuikaza kwa hasira; niliilegeza, nikaikaza, nikarudia mara tatu mpaka mdomo ukakaa sawasawa. Tishu ya nne ikatoka kavu, na asubuhi nikalala tena chini na tishu nyingine kabla ya kutoka getini.