Vijana wangu, alama kwanza, propela baadaye

Juzi nimemkuta kijana wangu chini ya Hilux. Kashashusha propela, lile bomba refu linalopeleka mzunguko wa giaboksi nyuma, kaichomoa vipande viwili, anaisugua kwa dizeli kwa bidii zote. Nikamuuliza, "Alama iko wapi?" Akanitazama kama nimemuuliza Ijumaa ijayo mvua itanyesha saa ngapi. Nawapenda, lakini hili nimelisema mpaka koo limekauka. Sasa naliandika.

1. Endesha gari kabla ya kushika spana. Usukani ukitetemeka, anza na balansi ya matairi ya mbele. Kikitetemeka kiti na sakafu, lala chini ukague propela. Gari la difu (gia za katikati ya tairi za nyuma) ya 4.1, propela inazunguka mara nne na ushee tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka, unanguruma.

2. Piga alama kwa patasi au rangi: kwenye flenji ya difu, ile sahani propela inapofungwa, na pale yoki, ile panda yenye masikio mawili, inapoingia kwenye meno ya bomba. Hapa nitakaa kidogo.

Nikiwa bado mgeni wa kazi, gereji moja Morogoro, ililetwa pikapu ya kubeba nyanya kutoka Ilula. Krosi ya nyuma, kile kiungo cha msalaba kinachoshika yoki mbili, ilikuwa imekufa, inatema unga wa kutu. Nilifunga mpya, safi kabisa. Ila wakati wa kusafisha nilichomoa yoki, nikairudisha ilivyokubali kuingia. Na meno yale yanakubali popote! Gari likifika 80, bodi zima linanguruma. Nikamwambia mwenye gari ni senta beringi. Akanunua. Nikasema matairi. Akalipa balansi. Nikasema mpira wa giaboksi. Akanunua.

Siku moja alirudi kutoka Dar, akafungua bodi, akanionyesha makreti ya chini. Nyanya zilikuwa zimepasuka, maji yake yamekauka kwenye mbao. Hakufoka. "Mdogo wangu, mtaji wangu ndio huu."

Mzee wetu wa gereji akaingia chini na tochi tu. Masikio ya yoki ya mbele na ya nyuma ya kipande kile hayakuwa kwenye mstari mmoja. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, mwendo wake unapanda na kushuka mara mbili kila mzunguko. Yoki zikilingana, krosi ya pili inafuta fujo ya kwanza, zikipishana, zinaongezeana. Akachomoa, akageuza, akarudisha. Nusu saa. Pesa za spea nilimrudishia kidogo kidogo kutoka kwenye posho yangu. Za nyanya sikuwa nazo, na mpaka leo nikipita Ilula roho inaniuma.

3. Kabla ya kugonga kikombe cha krosi, hakikisha sindano zote za beringi ndani yake zimesimama. Klipu ikikataa, sindano imelala: toa, usiongeze nyundo. Grisi mpaka itokee vikombe vyote vinne.

4. Vibati vilivyochomelewa kwenye bomba ni uzito wa balansi. Yupo kati yenu aliyevikata kwa grainda ili propela ipendeze. Anajijua, na bado ni fundi mzuri.

Ile ya juzi tuliisugua pamoja. Chini ya grisi iliyoganda tukakuta nukta mbili za patasi, za fundi aliyetutangulia. Kijana akachukua rangi nyeupe, akazipaka polepole, moja moja.