Barua ikifunguliwa kwingine inavurugika: kosa si la printa

SWALI: Ninaandaa barua rasmi za kampuni. Kwangu barua inakaa vizuri ukurasa mmoja, lakini mteja akiifungua, tarehe imeshuka mstari wa chini, anwani imepinda na saini imebaki peke yake ukurasa wa pili. Nimepunguza herufi hadi saizi 10 na pambizo hadi sentimita 1.5, bado hali ni ileile. Nimeshauriwa ninunue kiolezo cha kitaalamu. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue chochote. Rudisha herufi kwenye saizi 11 au 12 na pambizo kwenye sentimita 2.5 kila upande. Kisha, kama unatumia Word, bonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichika zionekane. Kila nafasi itakuwa kitone, na kila Enter itakuwa alama ya aya. Kwa dalili ulizoeleza, mbele ya tarehe utakuta msururu wa vitone thelathini au arobaini. Ugonjwa wako ni huo.

Kupanga maandishi kwa kugonga kitufe cha nafasi ni urithi wa taipureta. Kule kila herufi ilichukua upana uleule, kwa hiyo kugonga mara arobaini kulikufikisha palepale daima. Kwenye fonti (aina za herufi) nyingi za kompyuta, i ni nyembamba na m ni pana, na nafasi nayo ina upana wake katika kila fonti. Kompyuta ya mteja ikikosa fonti yako, inaweka nyingine. Kila nafasi ikinenepa kidogo tu, ukizidisha mara arobaini, tarehe inakosa mahali na kushuka. Mstari huo mmoja unasukuma kila kilicho chini yake, na wa mwisho kuanguka ni saini. Ndiyo maana kupunguza herufi hakukusaidia.

Futa msururu wote huo wa vitone, ukiacha vile vya kati ya maneno. Kama tarehe inakaa kulia, ielekeze kulia kwa kitufe cha mpangilio. Anwani yako ya mistari kadhaa usiifanye hivyo, maana mianzo ya mistari itapishana. Sogeza aya nzima sentimita 9.5 kutoka pambizo la kushoto, na ndani yake ukate mistari kwa Shift+Enter ili ibaki aya moja. Njia rahisi kuliko zote ni kuanzia kila kitu kushoto: Kumb. Na., tarehe, anwani ya mpokeaji, salamu, YAH, hadi saini. Hapo hakuna cha kupinda.

Enter ya ziada kati ya aya nayo iondoke, ibaki moja. Weka nafasi ya pointi 10 baada ya kila aya kwenye mipangilio ya aya. Pale “Wako mwaminifu,” weka pointi 48 baada yake, karibu sentimita 1.7, zinazotosha saini ya kalamu. Halafu chagua aya ya mwisho ya barua pamoja na mstari huo wa kuagia, uamuru, kwenye mipangilio hiyohiyo ya aya, viambatane na aya inayofuata (Keep with next). Aya ya mwisho uizuie pia isikatwe katikati. Barua ikizidi ukurasa, saini itahama na maneno yake. Saini iliyo peke yake kwenye karatasi tupu inaweza kubandikwa nyuma ya barua yoyote.

Sasa hivyo violezo vinavyoitwa vya kitaalamu. Vingi ni rangi na mistari ya mapambo juu ya visanduku vya maandishi vinavyoelea na majedwali yasiyoonekana. Ukiandika YAH yenye maneno mengi kuliko aliyotarajia mtengenezaji, sanduku linafunika salamu. Vingine vimepangwa kwa karatasi ya Marekani, milimita 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Tofauti ya urefu ni milimita 18, yaani mistari mitatu hadi minne, na upana nao haulingani. Printa itabana ukurasa au itakata pembeni. Angalia saizi ya karatasi kabla ya kuandika neno la kwanza. Nembo nayo iwe kwenye kijajuu, yaani sehemu ya juu kabisa ya ukurasa, cha ukurasa wa kwanza pekee. Ukurasa wa pili unahitaji jina la mpokeaji, tarehe na namba ya ukurasa.

Kuna na wale wanaokwambia “geuza tu iwe PDF”. Ni kweli PDF iliyobeba fonti zake haitahama mistari, na ndiyo ya kumtumia mteja. Lakini haitibu faili la asili: kesho ukilifungua ubadilishe jina la mpokeaji, vitone vyako arobaini viko palepale vinakusubiri.

Kinachotisha zaidi ya anwani kupinda ni hiki: kama mteja alifungua barua mistari ikaruka, basi ulimtumia faili linaloharirika. Kama saini yako imo humo kama picha, yeyote anaweza kubadilisha kiasi cha fedha au tarehe ya malipo juu yake, au kuinakili picha yenyewe na kuiweka kwenye barua usiyoijua. Hata PDF inaweza kuchezewa, ila faili la kuandikia halihitaji hata ujuzi. Barua za bei, mikataba na madeni zichapishe, zisaini kwa kalamu, uziskani kisha utume, na nakala yenye Kumb. Na. ileile ibaki kwenye jalada lako.